Mchunga Uliofichwa Jikoni

Mvua za masika zilikuwa zimeanza kukolea nilipofika kwenye nyumba moja chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa Muheza. Nilikuwa mgeni, na mgeni ana taratibu zake. Nikatandikiwa mkeka, nikaletewa maji ya kunawa, kisha ugali na dagaa waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu. Dagaa wenyewe walikuwa wametoka dukani muda uleule. Nilimwona mtoto akirudi mbio na kifuko mkononi. Nyuma ya ukuta wa jikoni palikuwa na sufuria nyingine. Harufu yake naijua tangu utotoni: mchunga, ile mboga chungu ya majani, ulioungwa kwa nazi. Nikauliza mbona ule sipewi. Mama mwenye nyumba akacheka kwa aibu, akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. "Ule wetu sisi, baba. Mgeni halishwi majani."

Dagaa si chakula kibaya, tena kwa mtoto anayekua ni chakula cha kumshukuru Mungu. Kilichonikera ni ile sufuria ya pili kufichwa kama deni. Tangu siku hiyo, kila nikipata taarifa ya lishe ya mkoa, andiko la mradi au sheria ndogo za kijiji, huwa naitafuta ile sufuria imeandikwa ukurasa gani. Mara nyingi haipo. Miradi ya kuinua lishe na kipato kwa mimea ya asili haikosekani. Inakuja na semina, fulana na picha ya pamoja chini ya mwembe. Lakini mingi huanza na swali la mwisho: tutauza nini, na tutamuuzia nani? Mimea hii inalisha vijiji leo hii bila mradi wowote. La kwanza kuuliza ni nini kinachoifukuza kwenye sufuria, na nani atakayekosa tukiikimbiza sokoni.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwenye vijiji vya milima hiyohiyo ya Usambara ya Mashariki. Watafiti walipima walichokula mama na watoto, wakatenga vile vyakula ambavyo hakuna aliyevipanda. Vilichangia asilimia 2 tu ya nguvu iliyotokana na chakula. Ukiishia hapo utasema havina maana, funga daftari. Lakini katika sahani hizohizo vyakula hivyo vilileta asilimia 31 ya vitamini A na karibu asilimia 19 ya madini ya chuma. Yaani kitu ambacho hakiwezi kumshibisha hata kuku ndicho kilichokuwa kimebeba karibu theluthi ya kinga ya macho ya mtoto, na sehemu kubwa ya damu ya mama yake.

Hesabu ya namna hii hatuizoei. Sisi huhesabu magunia. Kijiji chenye magunia kina chakula, kisicho na magunia kina njaa, na mkuu wa wilaya akitoa taarifa ya hali ya chakula anataja tani za mahindi. Sasa tazama ramani ya udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Unaoongoza ni mkoa wa Iringa, karibu asilimia 57, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, zote mbili zikiwa kwenye 50 hivi. Hiyo ndiyo mikoa inayopeleka mahindi, viazi na maharage kwenye masoko ya nchi nzima. Watoto wake wanalala wameshiba, na bado hawarefuki.

Nisieleweke vibaya. Udumavu hauondoki kwa mboga peke yake. Kuna maji machafu, kuna minyoo, kuna mama anayeshika jembe mpaka wiki ya kujifungua, kuna mtoto anayeachiwa uji wa sembe tupu asubuhi hadi jioni kwa kuwa waliobaki nyumbani ni watoto wenzake. Atakayekuambia mboga kama mnavu itaifuta ile asilimia 57 anakuuzia kitu. Ninachosema ni kwamba tunapopima chakula kwa gunia, kitu cha kwanza kutoweka kwenye hesabu ni hicho kinachochumwa kwa mkono kikaingia kwenye upindo wa kanga.

Neno "pori" lenyewe linatupoteza. Ukisikia mboga za porini, unamwona mwanamke amezama msituni na kapu. Wapo wa namna hiyo, na nitawafikia, lakini mboga za majani zinazoliwa zaidi huota mlangoni. Mchunga, wenye majani yaliyokatika kama meno ya msumeno na utomvu mweupe kama maziwa, makao yake ni shamba la mahindi na kando ya njia. Ukiukata kwa jembe, mizizi iliyobaki chini inachipua tena. Mgagani unapenda mahali walipolala ng'ombe. Mnavu utaukuta penye majivu na taka za jikoni. Mchicha pori na mlenda wa shambani ni jamaa wa jembe, havioti penye kivuli cha msitu. Na vinakuja kwa wakati wake. Mvua za kwanza zinapogonga, ghala limekwisha, mahindi mapya hayajafika hata magotini, na pesa ya mboga haipo. Hapo ndipo mimea hii inapochomoza, bila mbegu ya dukani wala mbolea.

Mwanamke anayepalilia huwa anachagua. Jembe linang'oa nyasi, likifika kwenye mgagani linauzunguka. Jioni anarudi na kuni kichwani, mboga kwenye kanga, shamba likiwa safi. Bwana shamba akipita kesho yake anaona palizi ya kizembe, maana kwake yeye mimea iliyoachwa ni magugu. Simlaumu sana, vitabu vya magugu vya Afrika Mashariki alivyofundishiwa vinataja mchicha pori, mgagani na mchunga kwenye orodha moja na magugu mengine yote. Hakuna aliyemwambia kwamba orodha ile ni ya mboga pia.

Kisha ikaja dawa ya magugu. Hapa inabidi niwe mkweli, kwa sababu ni rahisi kwa mtu anayeandika akiwa kitini kuilaani. Palizi ni kazi ya kuvunja mgongo, na mgongo wenyewe mara nyingi ni wa mwanamke. Siwezi kumtazama mama mwenye eka mbili na kiuno kinachouma nikamwambia aweke chini bomba la kupulizia ili ale mlenda. Ila hesabu ya dawa ile ifanywe yote. Tunajumlisha siku za vibarua zilizookolewa. Hatutoi mboga ya miezi miwili iliyoungua pamoja na nyasi. Mboga hiyo sasa itanunuliwa, au, kama ilivyo kwa nyumba nyingi, haitanunuliwa, na ugali utateremshwa kwa chumvi au kwa mchuzi wa nyanya mbili. Kuna hatari nyingine inayotajwa kwa nadra: mtoto aliyezoea kuchuma kwenye shamba la jirani hajui kama jana lilipuliziwa.

Dawa haizuiliki, na nadhani hata haifai kuzuiwa. Lakini inawezekana kuacha ukanda usiopuliziwa kuzunguka nyumba na penye zizi la zamani, hatua kumi na tano au ishirini tu, palizi yake iendelee kuwa ya mkono na ya kuchagua. Inawezekana mbegu za mgagani na mnavu zikaachwa zikomae kwenye ukanda huo badala ya kung'olewa zote. Hayo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji bwana shamba mmoja wa kata akubali kwamba kuna magugu yanayolika, na ayataje hivyo kwenye mkutano, mbele ya wanaume.

Jikoni nako lishe nyingi inapotea, na sioni miradi ikipashughulikia vya kutosha. Chukua mlenda. Kwa mapishi ya nyumba nyingi, mlenda bila magadi haujaitwa mlenda: magadi ndiyo yanayoufanya uvutike na kulainika upesi. Kumbe magadi hayohayo yanaua baadhi ya vitamini zilizomo kwenye majani, vitamini C mojawapo. Sisemi watu waache magadi. Nani atakula mlenda mgumu? Ila kuna tofauti kati ya chembe kidogo na konzi. Au chukua ukaushaji. Dodoma na Singida mlenda na majani mengine hukaushwa, yakatwangwa, yakawekwa akiba ya kiangazi, na maarifa hayo ni ya kuheshimiwa kabisa. Lakini majani yakianikwa juu ya bati au jabali, jua kali la moja kwa moja linachoma vitamini A iliyokuwamo. Yakianikwa kivulini penye upepo, chini ya ukingo wa paa, yanakauka polepole zaidi na yanabaki na kijani chake. Rangi ile ndiyo kipimo cha mama jikoni: unga wa mlenda wa kijani una kitu ndani, wa kahawia umebaki kamba tu.

Halafu mafuta. Vitamini A ya majani haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta kidogo, na wazee walilijua hilo bila kulijua: Tanga wanaunga mchunga kwa nazi, bara wanaunga mboga kwa karanga zilizotwangwa, magharibi mwa Kenya saga, ndio huo mgagani wetu, unalazwa kwenye maziwa usiku kucha mpaka uchungu upungue. Hakuna pishi hata moja kati ya hayo lililobuniwa na mtaalamu wa lishe. Linaloharibika sasa ni kwamba nazi imekuwa ghali, karanga zinauzwa zote, na mboga zinabaki za kuchemsha na chumvi. Kuhusu madini ya chuma, ya kwenye majani ni mabishi, hayanyonywi kirahisi. Tunda lenye uchachu kwenye mlo huohuo linasaidia, na chai ya rangi mara baada ya kula inarudisha nyuma. Mahali penye mbuyu na mkwaju uani, dawa ya ubishi huo inaning'inia mtini. Kikombe cha juisi ya ubuyu na ugali wa mlenda vinakwenda pamoja kuliko soda yoyote ile, na chai inaweza kusubiri saa moja.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakumwaga maji ya kwanza ya mchunga. Alituita mmojammoja tuyanywe, kikombe kizima, akisimama mlangoni ili mtu asikimbie. Alisema ni dawa ya tumbo. Sidai kama yalitutibu chochote. Ila mpaka leo, nikionja kitu kichungu, mwili wangu unajua kwamba kinaliwa. Watoto waliolelewa kwa biskuti hawana ule ulimi, na hilo nalo ni sehemu ya tatizo ambayo hakuna semina inayoigusa.

Nije kwenye pesa, maana najua msomaji anayetoka kijijini anangoja hapo. Pesa si dhambi. Mwanamke anayeshusha mafungu ya mchunga sokoni alfajiri anasomesha mtoto, na hakuna anayepaswa kumwambia abaki na lishe yake. Ila si kila mmea unastahimili kuuzwa, na kipimo changu cha kwanza ni sehemu gani ya mmea inaondoka. Ukichuma jani, mmea unachipua. Ukiokota tunda, mti umesimama, ingawa deni lake linakuja baadaye. Ukichimba kiazi, umechukua mtaji wote.

Mfano mchungu zaidi nchini uko Nyanda za Juu Kusini. Kwenye nyanda za Kitulo na maeneo ya jirani kuna maua ya okidi yenye viazi vidogo ardhini. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, viazi hivyo husagwa, vikapikwa na unga wa karanga mpaka vikashikana kama soseji nene. Wanakiita chikanda, na ni chakula cha heshima. Mahitaji yalipowazidi wenyewe, wachuuzi wakavuka kuja kwetu. Watafiti waliokadiria biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walizungumzia hata viazi milioni 4 kwa mwaka kutoka Tanzania. Kila kiazi kikichimbwa, ua limekufa. Kitulo ikatangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na okidi ni sehemu ya sababu. Angalia mpangilio huo: wanakijiji walichimba kwa bei ndogo, wachuuzi wakapata, mwisho serikali ikafunga mlango, na mwenyeji akakosa hata kile kidogo alichokuwa akikipata. Hiyo ni biashara ya mimea pori iliyofanikiwa, ukitazama mauzo tu.

Kusini, Mtwara na Lindi, kuna ming'oko, viazi vyembamba vya porini vinavyochimbwa na kina mama, vikachemshwa na kuuzwa mjini na chumvi na pilipili. Kitamu hasa. Bado sijasikia kijiji kilichokaa kikaamua nani achimbe wapi na mwaka upi eneo lipumzike. Shimo la ming'oko si kubwa, lakini mashimo yakiwa mengi kuliko mimea, kinachofuata tumekwisha kukiona Kitulo.

Ubuyu ni kisa kingine. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu kuingia sokoni kwake kama chakula kipya. Chakula kipya! Watoto wa Dodoma, Zanzibar na Mombasa walikuwa wameumung'unya vizazi na vizazi, miaka hii ya karibuni ukiwa umetiwa sukari na rangi nyekundu inayochafua sare ya shule. Hata hivyo mlango ulifunguka, na ubuyu ukawa na bei ambayo haukuwa nayo. Tunda lake linastahimili: linakauka lenyewe mtini, halihitaji jokofu, linasafiri. Deni lake ni la muda mrefu. Mbuyu unachukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na maeneo yenye mbuzi wengi utaona mibuyu mikubwa tu, mizee, hakuna miche. Anayeokota leo anaokota alichokiacha babu wa babu yake, na hapandi. Mradi wa ubuyu usio na uzio wa miiba kuzunguka mche hata mmoja, mimi nauhesabu kuwa ni uchimbaji kama ule wa chikanda, isipokuwa wa polepole.

Huko Usambara tena kuna msambu, mti wa misitu ya milima yetu ya mashariki, wenye tunda kubwa lililojaa mbegu za mafuta. Mwaka 2008 huohuo mafuta yake nayo yaliruhusiwa Ulaya, na vijiji vya Amani na jirani zake vikapata mnunuzi mkubwa wa mbegu zilizookotwa chini ya miti. Ni jambo jema: tunda linaangushwa na mti wenyewe, na mti unaanza kuwa na faida ukiwa umesimama. Wasiwasi wangu ni huo wa mnunuzi mkubwa. Zao lenye mlango mmoja wa kutokea, ufunguo hauko kijijini.

Na uyoga? Huu ndio unaonifanya nicheke ninaposikia maofisa wakisema "tutaufanya ulimwe". Upo wa kulimwa, kweli, kwenye mifuko ya pumba. Lakini aina nyingi za uyoga mtamu wa miombo, ule unaouzwa kwenye ndoo kando ya barabara mvua zikianza, zinaishi kwa kushikana na mizizi ya miti ya miombo yenyewe: mti unalisha uyoga, uyoga unalisha mti. Huwezi kuuhamishia uani. Ukikata mti wa kukaushia tumbaku Tabora, umekata na uyoga wa miaka yote ijayo, na asali pia, na hakuna daftari la chama cha msingi lililowahi kuandika hasara hiyo kwenye safu ya gharama za tumbaku.

Kenya wametutangulia kwa mboga za majani, na wana la kutufunza pamoja na la kutuonya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amekuwa akitetea managu (mnavu wetu), saga na terere (mchicha) tangu wenzake wengi wanaziita magugu. Utotoni mwili wake ulikuwa haupokei maziwa, mayai wala baadhi ya samaki, kwa hiyo mboga ndizo zilizomlea. Kampeni zilizomhusisha yeye na wengine ziliingiza mboga hizo kwenye maduka makubwa ya Nairobi, na mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kurudisha vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa. Aibu imetoka. Mtu wa Nairobi leo anaagiza managu hotelini akijisifu. Huo ni ushindi, na sisi tunaweza kuunakili bila haya.

La kuonya ni kwamba mboga ikishapata bei, mchumaji anabadilika. Aliyeanza ni mwanamke mwenye kapu. Anayefuata ni kijana mwenye pikipiki. Anayemaliza ni mwenye shamba la kumwagilia karibu na mji, mwenye mbegu zilizochaguliwa ili zisiwe chungu sana. Kila hatua ina faida yake kwa mlaji wa mjini. Yule wa kwanza anaweza kujikuta akinunua alichokuwa akichuma, au akiuza chote kwa kuwa sasa kina bei, na watoto wake wakala kabichi. Kwa hiyo nikiulizwa mradi wa mboga za asili ufaulu kwa kipimo gani, nitasema wapimwe watoto wa wachumaji kwanza, kisha ndiyo tuulizane kilo zilizouzwa.

Kuna mahali ambapo tuliwahi kufanya vizuri, na ajabu ni kwamba tunapasahau. Shinyanga, Wasukuma walikuwa na ngitili, maeneo yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate malisho ya kiangazi. Yalikuwa yamekaribia kwisha. Kuanzia mwaka 1986 hadi 2004 mradi wa serikali wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliwarudisha watu kwenye utaratibu wao wenyewe, na zaidi ya hekta 300,000 zikafunikwa tena na miti na vichaka. Walilenga malisho na kuni. Lakini pamoja na nyasi vilirudi matunda, mboga, uyoga, dawa na asali. Tathmini iliyofanywa mwishoni ilikuta faida za ngitili kwa mwezi ni kama dola 14 za Marekani kwa kila mtu, fedha ambayo kijijini haikuwa mchezo. Wenye ngitili kubwa walifaidi zaidi, hilo nalo liliandikwa. Hata hivyo hakuna aliyezindua mradi wa mimea pori inayolika. Walilinda ardhi, na sufuria ikajijaza.

Sheria inaruhusu zaidi ya tunavyoitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake na kuuandikia sheria ndogo. Nimesoma kadhaa kati ya hizo. Zinataja magogo, mkaa, nguzo, mizinga, faini ya kuingiza ng'ombe. Kuhusu mboga, matunda na viazi, ama hazisemi kitu, ama zinaweka vyote kwenye fungu moja la "mazao mengineyo". Mengineyo! Hapo ndipo kilipo chakula cha kina mama, na kamati iliyoandika bila shaka ilikuwa na wanaume wengi mezani. Kijiji kingeweza kuandika mistari mitano tu: kuchuma kwa matumizi ya nyumbani ni bure daima, wa kuuza ajiandikishe, viazi havichimbwi na mgeni, mwenye kuokota ubuyu wa biashara alinde miche, eneo fulani lipumzike mwaka huu. Fedha ndogo za kusimamia hayo zipo. Tangu mkataba wa lishe wa mwaka 2017 halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na sehemu yake inaweza kumlipa bibi mmoja wa kijiji awafundishe watoto wa shule majani.

Namaanisha hilo la bibi. Kuna kiazi cha porini kinaitwa ndiga. Kina sumu. Mwaka wa njaa watu wanakila, na wanaojua wanakimenya, wanakikata vipande vyembamba na kukilaza kwenye maji ya mto unaotiririka siku kadhaa kabla ya kukipika. Asiyejua akikipika kama muhogo, anaua nyumba. Maarifa hayo hayakai kwenye kipeperushi; yanakaa kwa mtu aliyewahi kupitia njaa, naye anazeeka. Uyoga ni vivyo hivyo: majina yake yamo katika Kihehe, Kibena, Kinyamwezi, Kisambaa, na jina mara nyingi ndilo onyo. Mtoto aliyejua Kiswahili tu ataona uyoga, basi. Wale wanaojua watakuonyesha upi unaitwaje na upi ni wa kupita mbali.

Siku ile Muheza niling'ang'ania mpaka nikaletewa ile sufuria. Nilikula, na mama mwenye nyumba alikaa kando akinitazama kama mtu anayengoja mgeni atapike. Nilipoaga akaniongezea mafungu mawili mabichi, yamefungwa kwa jani la mgomba, bado yana umande na utomvu. Kwenye basi la kwenda Tanga konda alinitazama, akayatazama, akaniuliza kama nafuga sungura. Nikamwambia ndiyo, ninao wanne nyumbani, na mmoja ameanza shule.